Mtambo Ulioganda: Bunduki, Bastola na Ufundi wa Chuma katika Bonde la Pangani

Historia ya silaha za moto katika bonde la Mto Pangani imezoeleka kuandikwa kama historia ya biashara ya pembe, ya utumwa na ya vita vya kugombea ufalme, na kwa hiyo bunduki huonekana ndani yake pale tu inaponunuliwa au inapolia. Kazi iliyokuwa kati ya mambo hayo mawili, yaani kuufungua mtambo ulioganda, kuusafisha na kuurudisha mahali pake, imepewa nafasi ndogo mno, ilhali ndiyo iliyoamua silaha ipi ingedumu na ipi ingegeuka chuma kisicho na faida. Uwanda wa Makuyuni, kati ya Korogwe na Mombo chini ya milima ya Usambara, huku Uzigua na Handeni zikiwa ng'ambo ya mto upande wa kusini, ni mahali panapofaa kulitazama jambo hilo, kwa kuwa misafara iliyotoka Pangani kwenda bara ililifuata bonde hilohilo.

Mkataba ambao Sultani Seyyid Said wa Omani na Zanzibar aliutia saini na Marekani mwaka 1833 uliruhusu wafanyabiashara wa Kimarekani kuuza bidhaa zao kwa uhuru, ila katika kisiwa cha Unguja bunduki, baruti na risasi zingeuzwa kwa serikali peke yake. Katika bandari nyingine za Sultani hapakuwa na kizuizi hicho. Athari yake kwa mrima, yaani pwani ya bara inayoikabili Unguja, ilikuwa kubwa. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke, waliopanda bonde la Pangani hadi Vuga, makao ya ufalme wa Washambaa, mnamo Februari 1857, walimkuta Kimweri ye Nyumbai akiwa mzee, na Burton aliandika kwamba mfalme huyo alikuwa na askari wa bunduki wapatao 400. Hata hivyo mji wa Vuga ulikuwa mlimani, mbali na njia ya misafara, na baada ya Kimweri kufariki mwaka 1862 nguvu ilimwendea mwanawe Semboja, aliyekuwa ameweka makao yake Mazinde, kwenye uwanda, ambako wafanyabiashara walipita na ambako bunduki na baruti vilipatikana bila kupanda mlima. Mwanahistoria Steven Feierman ameeleza kwa kina jinsi ufalme wa Washambaa ulivyovunjika kutokana na mabadiliko hayo.

Bunduki iliyoenea zaidi katika miaka hiyo ilikuwa gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu kwa kutumia mdeki, ambao ni ufito mrefu wa chuma au wa mti. Magobore ya awali yalikuwa ya gumegume: jiwe gumu lililobanwa kwenye taya za nyundo ya mtambo lilipiga bamba la chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyowekwa kwenye kifa, yaani kisahani kilicho ubavuni mwa mtutu, na moto ukaingia ndani kwa tundu dogo. Nguvu yote ya pigo hilo ilitoka kwenye kamani, bamba la chuma kilichopindwa ambalo hutaka kurudi kwenye umbo lake kila linapokazwa.

Mtambo wa namna hiyo una sehemu chache, lakini adui yake hukaa ndani ya baruti yenyewe. Baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa, haiungui yote ikawa gesi; zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka masizi na chumvi zinazovuta maji kutoka hewani. Katika bonde lenye joto na umande, bunduki iliyopigwa jioni bila kuoshwa huanza kushika kutu upesi: kifa huziba, egemeo la nyundo hukaza, na kifyatulio kikivutwa hurudi polepole au hakirudi kabisa. Tiba yake haihitaji kiwanda. Chumvi huyeyuka kwa maji ya moto, na chuma kikishakaushwa vizuri hupakwa mafuta, ingawa hapo nako pana hatari, kwa sababu mafuta mengi ya mimea, yale ya ufuta yakiwemo, huwa mazito kadiri yanavyokaa, hata mwishowe yakawa kama gundi, na mtambo ambao umepona kutu ukaganda kwa dawa yake wenyewe.

Mtu aliyeweza kushughulika na chuma hicho hakuwa mgeni katika eneo hili. Muda mrefu kabla ya gobore la kwanza kufika, ukoo wa Washana wa Ugweno, kaskazini mwa Upare, ulikuwa umejulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma, na majembe, mikuki na mishale yalikuwa bidhaa za kubadilishana kati ya watu wa milimani na wa uwandani. Mhunzi mwenye mivukuto, fuawe, koleo na nyundo alijua jambo lililo gumu kuliko yote katika mtambo wa bunduki, nalo ni kutia matiko: kukipasha chuma moto, kukizamisha majini ili kiwe kigumu, kisha kukipasha tena kwa kiasi ili kisivunjike. Kamani iliyopashwa kupita kiasi hulegea, na isiyopashwa vya kutosha hukatika. Kati ya hali hizo mbili jicho la mhunzi lilisoma rangi ya chuma, kutoka manjano hadi buluu, na huko kusoma rangi kunastahili kuhesabiwa kuwa elimu kamili, hata kama hakukuandikwa popote.

Bastola ndogo ya silinda, ambayo nayo ilipita bondeni mikononi mwa wasafiri na baadaye maofisa, ilikuwa kitu cha namna nyingine. Ndani yake silinda yenye vyumba vya risasi huzungushwa na kidole kidogo cha chuma kila nyundo inapovutwa nyuma, na kizuizi kingine hukishikilia chumba kimoja sawasawa na mtutu, hivyo uchafu mdogo sana katika sehemu moja huzifunga sehemu zote. Speke aliyajua hayo kabla ya kuiona Pangani. Usiku wa Aprili 1855 kambi yake na ya Burton iliposhambuliwa huko Berbera, kwenye pwani ya Wasomali, alimwelekezea bastola adui aliyekuwa mbele yake, akavuta kifyatulio, na silinda ikakataa kuzunguka. Yeye mwenyewe alidhani kuwa fataki, yaani kile kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ya kuwasha moto, ilikuwa imekwama. Alitekwa na kuchomwa mikuki mara nyingi, akanusurika, na miaka miwili baadaye akawa anatembea katika bonde la Pangani.

Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kwa mwaka kupitia pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka huohuo watu wa Semboja waliupora msafara wa wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann, ambao kisha waliangukia mikononi mwa Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani vilivyokuwa vimeanza. Mataifa ya Ulaya yaliujibu wingi huo wa silaha kwa Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, uliozuia kuingizwa kwa silaha katika eneo kubwa la Afrika, ila bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza bado kuuzwa kwa masharti. Waandishi wa mkataba walidhani wanawaachia Waafrika silaha iliyokwisha kupitwa na wakati. Kwa kweli waliwaachia ile ambayo mhunzi wa kijijini aliweza kuitunza. Jiwe la gumegume huokotwa, risasi huyeyushwa jikoni, na kamani hufuliwa upya, lakini bastola ndogo ya viwanda vya Liège au Birmingham ya miaka hiyo hutaka risasi ya ganda la metali iliyotengenezwa kwa kipimo chake peke yake, na kiwanda kikiacha kutengeneza risasi hiyo silaha hufa hata kama mtambo wake ni mzima. Kwa sababu hiyo gobore liliendelea kuwa silaha ya mwindaji na ya mlinzi wa shamba katika karne yote ya 20.

Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ikiupita uwanda wa Makuyuni, na kwa njia hiyo zana za viwandani ziliingia eneo ambalo mivukuto ilikuwa imelitawala. Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha hata hivyo kwamba kazi ya mkono haikuwa imepitwa na wakati. Meli ya Kijerumani Rubens ilipokwama katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915, shehena yake iliopolewa kutoka majini, na ikabidi risasi zilizolowa maji ya chumvi zifunguliwe moja baada ya nyingine, baruti ikaanikwa, maganda yakasafishwa, kisha zikafungwa upya. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka bondeni, yakaichukua Mombo, kisha Korogwe na Handeni.

Bastola za zama hizo sasa ni vitu vya kukusanywa, na kasoro inayozikumba mara nyingi ni ileile ya silinda isiyozunguka au kifyatulio kinachonata. Fundi mwangalifu, baada ya kuhakikisha vyumba vyote ni vitupu, huanza na kiyeyusho cha mafuta makavu na subira ya siku kadhaa, wala hashiki tupa, kwa sababu kinachozuia kwa kawaida ni mafuta yaliyoganda na kutu kwenye mhimili, na chuma kilichokwisha kupunguzwa hakirudi. Kuna sababu nyingine ya kutoharakisha, nayo inamhusu mwanahistoria kuliko mkusanyaji. Parafujo iliyochongwa kwa mkono kando ya parafujo ya kiwandani, au kamani yenye alama za nyundo ya mhunzi, ni ushahidi ambao nyaraka za serikali za kikoloni hazina.

Nchini Tanzania silaha kuukuu si mapambo mbele ya sheria: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na mara kadhaa serikali imetoa muda wa kusalimisha kwa hiari silaha zinazomilikiwa bila kibali, ambapo magobore huwa miongoni mwa zinazoletwa. Silaha zinazokusanywa namna hiyo huteketezwa, na kwa usalama wa raia hilo ni jambo la haki. Lakini gobore lenye mtambo uliofuliwa kwa mkono, likishatobolewa mtutu na kuzibwa tundu lake lisiweze kulia tena, lina nafasi katika makumbusho, na ingefaa mtu anayejua kusoma chuma aitwe aliangalie kabla halijatiwa motoni.