Mashine Andalizi na Mashine Lengwa: Funzo la Makambako na Njombe

Katika kuunda istilahi, hapana budi kwanza kuielewa kazi ambayo neno litaitumikia. Katika makala haya twaitazama kazi moja ya mafundi wa kompyuta. Programu huandikwa na kutafsiriwa katika kompyuta ya mezani, kisha hupelekwa kufanya kazi katika kompyuta ndogo iliyopachikwa ndani ya chombo kingine, kama vile mita ya umeme. Huko ndiko hujaribiwa, na mara nyingi hushindwa ingawa mezani ilifaulu. Je, mashine hizi mbili tuziiteje?

Jambo la kuunda chombo mahali pamoja na kukijaribu pengine si geni nchini. Reli ya Uhuru, yenye urefu wa kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa kwa msaada wa China mwaka 1970, ikakabidhiwa rasmi mwezi Julai 1976. Upana wa njia yake ni milimita 1,067, hali njia kuu za China zina milimita 1,435. Kwa hiyo injini zilizotoka huko ziliundwa kwa ajili ya njia isiyo ya kwao. Katika upana zililingana na reli barabara. Lakini mtihani wenyewe ulikuwa mpando wa kutoka Mlimba hadi Makambako, katika mkoa ambao leo ni wa Njombe. Hapo nguvu zake zilionekana pungufu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaletwa injini zenye nguvu zaidi kutoka Ujerumani ya Magharibi. Kiwandani upungufu huo haukuonekana, ulionekana mlimani.

Mfano wa pili umo majumbani mwa Makambako na Njombe, kama ulivyo kote nchini. Mita za LUKU, neno lililotokana na "Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo" na sasa limekuwa nomino ya kawaida, zilianza kutumika miaka ya 1990. Namba ya tarakimu 20 aliyopewa mnunuzi ilibeba ndani yake muda uliohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Hesabu hiyo ilitengewa biti 24 tu, yaani dakika 16,777,216, nayo ikafikia ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo wateja walipewa makundi matatu ya tarakimu: mawili ya kurekebisha mita, na la tatu la umeme walionunua. Ilibidi yaingizwe kwa kufuatana. Mteja asiyeelewa maelezo aliweza kukaa gizani hali fedha amekwisha kulipa.

Fundi ambaye jaribio lake limeshindwa katika chombo huuliza maswali kwa utaratibu. Kwanza, je, programu imetafsiriwa kwa lugha ya prosesa hii, au kwa ile ya kompyuta ya mezani? Pili, maktaba na mafaili yanayohitajiwa yamo humu, au yamebaki mezani? Tatu, upana wa namba na saa ya mashine ni kama vilivyotarajiwa? Mwisho, matokeo yanarudi kweli, au kimya kimedhaniwa kuwa ni kufaulu?

Maswali yote hayo hutenganisha mashine mbili. Basi na majina yazitenganishe. Kufuata Kiingereza neno kwa neno kungetupa "mashine mwenyeji" kwa ile ya kwanza. Twaona jina hilo lapotosha. Mwenyeji kwa Kiswahili ni yule ampokeaye mgeni, na inayoipokea programu ni mashine ya pili. Mwanafunzi akisoma kwamba kosa liko kwa mwenyeji, ataifungua mashine isiyo na kosa. Twapendekeza mashine andalizi na mashine lengwa. Vilevile, badala ya "kukusanya programu", ambako husikika kama kukusanya kodi, yafaa tuseme kutafsiri programu.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, istilahi nyingi zimeandaliwa Dar es Salaam ili zitumike kwingine. Neno lililopita kikaoni limefaulu katika mashine andalizi tu. Jaribio lake la kweli liko kwa mwalimu wa Njombe mbele ya wanafunzi wake, na kwa karani wa Makambako anayemweleza mteja. Twawaomba watuandikie kila neno linaposhindwa, wakitaja mahali liliposhindwa na jinsi lilivyoeleweka.