Pio Gama Pinto na Mtambo wa Kuchapa

Kabla ya Pinto alikuwapo Vidyarthi. Mwaka 1933, Girdhari Lal Vidyarthi alipoanzisha gazeti la Colonial Times jijini Nairobi, East African Standard lilikuwa likiwasemea walowezi, na Mwafrika alitajwa humo kama kibarua au mshtakiwa. Vidyarthi alifungwa kwa uchochezi, akatoka, akarudi kwenye mtambo wake. Aliwachapia pia wasomaji wa Kiswahili gazeti la Habari za Dunia. Mwaka 1945 Henry Muoria akaanzisha Mumenyereri kwa Kikuyu, na punde vijigazeti vya Waafrika vikafuatana, vingi vikitegemea viwanda vya uchapaji vya Wahindi. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ilivipiga marufuku. Muoria, aliyekuwa London wakati huo, akageuka mkimbizi.

Pio Gama Pinto alizaliwa Nairobi mwaka 1927 katika familia ya Wagoa, akasomeshwa India, akapinga utawala wa Wareno huko Goa, kisha akarejea Kenya mwaka 1949. Alipita Colonial Times, akahariri Daily Chronicle, na kimyakimya akawasaidia wapiganaji wa msituni. Alioa Januari 1954. Kufikia Juni alikuwa mikononi mwa polisi. Wakampeleka kizuizini Takwa, kisiwani Manda, ng'ambo tu ya Lamu, kisha Kabarnet, hadi mwaka 1959.

Mwaka uliofuata alianzisha Sauti Kanu, gazeti la chama cha KANU. Ila Pinto alikwisha kuona jinsi sauti ya mtu inavyozimwa: mhariri hafungwi mdomo, anafungiwa mtambo. Ndipo ikaja Pan African Press, kampuni iliyotoa Sauti ya Mwafrika, Pan Africa na Nyanza Times. Msaada wa kuianzisha ulitoka kwa Nehru, waziri mkuu wa India. Wapo watakaouliza uhuru gani huo unaolipiwa Delhi, na swali ni la haki. Lakini Daily Nation nalo, lililozaliwa mwaka 1960, lilisimama kwa fedha za Aga Khan. Gazeti la bure halikuwapo Nairobi. Tofauti ilikuwa ni nani anayetakiwa kusemewa, na Pinto aliwachagua waliopigania ardhi na bado hawakuwa nayo.

Chaguo hilo lilimgonganisha na wenzake wa jana. Akiwa mbunge tangu 1964, karibu sana na Makamu wa Rais Oginga Odinga, aliwaudhi waliokwisha kujigawia mashamba. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi ndani ya gari lake, langoni mwa nyumba yake Westlands, bintiye mdogo akiwa naye garini. Alikuwa na miaka 37. Kisilu Mutua alihukumiwa kwa mauaji hayo na kukaa gerezani hadi 2001, siku zote akikana. Aliyetoa amri hajawahi kufikishwa mahakamani.