Kovu ndani ya utumbo

Wafugaji wa Elwak, kaskazini mwa Kenya, wanamjua mnyama wa namna hii: anakula kama wenzake, lakini anaharisha wiki baada ya wiki, mbavu zinatokeza, na mwishowe anaanguka malishoni. Ugonjwa mmoja wa aina hiyo, uitwao Johne, hushika ng'ombe, kondoo, mbuzi na hata ngamia, na huufanya ukuta wa utumbo kuwa mnene na wenye mikunjo. Mwaka 1913 Thomas Kennedy Dalziel, daktari mpasuaji wa Glasgow, aliandika juu ya watu aliowapasua akakuta utumbo mgumu, njia yake imesongwa. Ulifanana na utumbo wenye kifua kikuu, lakini yeye akaulinganisha na ule wa mifugo. Makala yake haikushika. Mwaka 1932 Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walieleza wagonjwa 14 wenye maradhi hayo mwishoni mwa utumbo mwembamba, na jina la Crohn ndilo lililobaki.

Miaka miwili baadaye mtaalamu mwingine wa New York, John Kantor, alionyesha jinsi ya kuyaona bila kisu. Mgonjwa alikunywa uji mweupe wa bariamu, akapigwa eksirei, na pale palipougua uji ukapita mwembamba kama uzi. Tatizo ni kwamba uzi huo haukusema umesongwa na nini. Ukuta uliovimba kwa maji na damu hutulia kwa dawa. Ukuta uliojaa nyuzi za kovu hautulii. Unahitaji kupanuliwa kwa puto au kukatwa. Mara nyingi uvimbe na kovu hukaa katika kipande kilekile cha utumbo, na karibu miaka 100 ya picha za tumbo imekuwa jitihada ya kuvitenganisha.

Afrika Mashariki ilichelewa kuingia katika habari hii kwa sababu wengi waliamini haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 1966 madaktari wawili wa hospitali ya Mulago, Kampala, Billinghurst na Welchman, walichapisha habari za Waafrika wanne wenye maradhi ya jamii hiyo, yale ya vidonda vya utumbo mpana. Lakini kaskazini mwa Kenya, tumbo linaloziba huuliza kwanza swali jingine: je, si kifua kikuu? Kifua kikuu cha utumbo hupenda palepale anapopenda Crohn, utumbo mwembamba unapokutana na mpana, na picha zao hudanganyana. Kukosea hapa ni hatari, maana dawa za kupoza kinga zinazomsaidia mgonjwa wa Crohn zinaweza kukisambaza kifua kikuu mwili mzima.

Wajir, mji jirani wa Elwak, una nafasi yake katika historia hii. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, Mwitalia aliyeishi huko, alianza kuwatibu wahamaji wenye kifua kikuu kwa kuwaacha wajenge vibanda vyao karibu na kituo na kumeza dawa mbele ya macho ya wahudumu hadi wapone. Mfumo huo wa manyata ulienea kaskazini. Tonelli aliuawa Borama, Somaliland, mwaka 2003, na kazi yake inastahili kukumbukwa zaidi ya ilivyo sasa.

Hata hivyo dawa zikiua vijidudu, kidonda cha utumbo kinaweza kupona kwa kovu, na mtu aliyemaliza tiba akarudi na tumbo lililoziba. Wengi hawafiki huko. Madaktari wa India waliowafuatilia wagonjwa kwa eksirei za bariamu waliripoti mwaka 1988 kwamba sehemu nyingi zilizosongwa zilifunguka kwa dawa pekee. Picha ya kwanza ilionyesha ukali. Picha ya pili, baada ya tiba, ndiyo iliyomtaja wa kupasuliwa.

Siku hizi wataalamu hutumia CT na MRI. Makubaliano yao ya mwaka 2018 hutazama njia iliyosongwa kwa angalau nusu, ukuta ulionenepa, na utumbo uliotanuka kupita sentimita 3 nyuma ya pale palipobana. Kwa mgonjwa wa Elwak, MRI inaweza kuwa safari ndefu ya kwenda Nairobi. Altrasaundi ndiyo inayoweza kumfuata alipo. Turkana ilithibitisha hilo: miaka ya 1980 mtafiti Calum Macpherson na wenzake walibeba altrasaundi hadi kwa wahamaji kutafuta vifuko vya minyoo ya mbwa tumboni, na mwaka 1987 wakaonyesha kwamba iliishinda damu iliyopimwa maabara. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza kukodi mitambo ya picha kwa ajili ya hospitali mbili za kila kaunti.

Utumbo ni mgumu kusoma kuliko ini, kwa kuwa unasogea na umejaa hewa, hivyo anayeshika kifaa lazima afundishwe. Akishajua, anampima mgonjwa kabla ya dawa na tena miezi kadhaa baadaye. Ukuta ukirudi chini ya milimita 3, kilichokuwepo kilikuwa zaidi uvimbe. Ukibaki mnene, na chakula kikijazana nyuma yake, safari ya Nairobi ina sababu, na daktari mpasuaji atapokea vipimo viwili vya kulinganisha.