Njia ya Wapagazi: Kutoka Kariakoo Mpaka Bagamoyo

Fungueni madaftari yenu, na aliye na ramani ya pwani aiweke mbele yake. Leo tutajifunza habari za wapagazi, yaani watu waliobeba mizigo ya nchi hii vichwani na mabegani kabla ya gari moshi na motokaa.

Somo hili tutalisoma njiani. Siku moja ya mapumziko funga safari, utoke soko la Kariakoo, uifuate pwani upande wa kaskazini mpaka Bagamoyo. Ni kilomita 70 hivi. Nenda peke yako, ukiwa na daftari na kalamu. Wasafiri wawili hupiga soga. Msafiri mmoja hutazama na kusoma.

Anza Kariakoo asubuhi mapema, wakati malori yanaposhusha magunia na wachukuzi wanapoomba njia. Jina hili hutajwa kila siku, wala wengi hawaulizi limetoka wapi. Limetoka katika maneno ya Kiingereza, Carrier Corps, maana yake Kikosi cha Wapagazi. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi wa Septemba 1916, wakaweka hapa kambi ya wapagazi wao. Wenyeji walilitamka jina kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa wa Kariokor, na asili ya jina ni hiyohiyo.

Utauliza, jeshi lenye mizinga lilitaka wapagazi wa nini? Sababu ni mbili. Kwanza, mbung'o waliwaua farasi, punda na ng'ombe wa kuvuta magari. Pili, motokaa zilikuwa chache, na masika yakianza zilizama matopeni. Kwa hiyo unga, risasi, dawa na hema vilikwenda vichwani mwa watu, kutoka pwani mpaka bara, tangu 1914 mpaka 1918. Wengine walijiandikisha kwa kutaka mshahara. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Machifu na majumbe waliamriwa kutoa watu, na vijana wakatolewa mashambani wakati wa kulima. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo upande wao.

Wengi hawakurudi. Hesabu ya serikali ya Uingereza ilitaja zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa upande wake. Wanahistoria waliochunguza baadaye wanakadiria kuwa walikaribia 100,000, au hata kupita hapo. Wachache kati yao walipigwa risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa na njaa.

Sasa toka Kariakoo, upite Mnazi Mmoja, uende katikati ya mji penye Sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Isogelee usome maandishi yake. Yapo ya Kiswahili pia. Utaona kuwa wapagazi wametajwa, nao wameitwa miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno ya heshima. Lakini tazama juu: aliyechongwa ni askari mwenye bunduki, mpagazi hayupo. Kisha tafuta jina la mtu, hata moja, la askari au la mpagazi. Huoni. Andika jambo hilo katika daftari lako, tutalirudia.

Bunduki ya askari yule imeelekezwa bandarini. Fuata upande huo mpaka uone maji. Bandari hii ina mlango mwembamba, na ndani maji yametulia, yana kina. Sayyid Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji hapa miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Wajerumani nao waliiona faida ya bandari, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo. Mwaka 1905 walianza kujenga reli kutoka hapa. Mwaka 1914 ilifika Kigoma.

Tufanye hesabu kidogo. Mpagazi wa kale alibeba kilo 30 hivi. Behewa moja likibeba tani 10, yaani kilo 10,000, linabeba mzigo wa wapagazi wangapi? Gawanya kwa 30. Utapata 333. Hivyo gari moshi liliimaliza kazi ya mpagazi wa safari ndefu. Lakini mwaka uleule reli ilipofika Kigoma, vita vilianza, na watu wakarudishwa chini ya mzigo, mara hii kwa amri.

Basi, panda gari la kwenda kaskazini. Utavuka mkono wa bahari kwa Daraja la Selander, au kwa Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Hapo bahari iko wazi, na maji yakitoka utaona mikoko imesimama matopeni. Baada ya hapo barabara huingia ndani kidogo: Mwenge, Tegeta, Bunju. Bahari huioni tena, lakini ipo kuliani kwako. Upande huohuo yapo magofu ya Kunduchi, penye makaburi yaliyopambwa kwa bakuli za China. Ukivuka Mto Mpiji umetoka Dar es Salaam, umeingia Mkoa wa Pwani. Minazi, miembe na mashamba ya mihogo vitakusindikiza kupitia Mapinga, Kerege na Zinga. Kabla ya kuingia Bagamoyo kuna njia ya kwenda Kaole, penye magofu ya misikiti na makaburi ya zamani. Hayo yanatuonyesha kuwa pwani hii ilikuwa na miji na biashara ya ng'ambo karne nyingi kabla ya Mzungu kuja.

Umefika Bagamoyo. Nenda kwanza ufukweni. Tazama jinsi maji yanavyojaa na kutoka mbali. Kwa jahazi ufuko huu ni mzuri: lilikuja na maji yakijaa, likakaa mchangani maji yakitoka, watu wakapakua. Lakini meli kubwa za moshi zililazimika kutia nanga mbali. Ndiyo maana bandari yenye kina ikapata reli, na Bagamoyo ikabaki nyuma.

Kabla ya hapo, Bagamoyo ndiyo iliyokuwa mlango wa bara. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka kutoka Tabora na pembe za ndovu, wakapanda na nguo, shanga na nyaya za shaba. Njia hiyo ilichukua miezi mitatu hivi. Mbele alitangulia kirangozi mwenye bendera. Wapagazi hao walikuwa watu huru, wenye ujira. Walipatana malipo kabla ya kuondoka, na wakidhulumiwa waliweza kugoma au kutua mzigo na kwenda zao. Baadhi ya misafara ilileta pia watumwa, nao hawakuwa na hiari ya lolote. Tusiusahau uovu huo.

Hata jina la mji lina maana mbili katika vinywa vya watu. Wengine husema ni kilio cha mtumwa, kuuacha moyo wake hapa. Wengine husema ni furaha ya mpagazi, kuubwaga moyo, yaani kupumzika baada ya safari. Wanahistoria wengi huelekea maana hii ya pili, kwa kuwa mji ulijaa wapagazi, na bandari kubwa ya watumwa katika bara ilikuwa Kilwa.

Mwisho, nenda kwenye kanisa la kale la misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Mwezi wa Februari 1874 maiti ya David Livingstone ilipumzishwa hapo. Alikufa mwezi wa Mei 1873 katika nchi iitwayo sasa Zambia, na watu wake walimbeba kwa miguu miezi mingi mpaka pwani. Viongozi wao walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Pamoja nao alikuwa kijana aliyejua kusoma na kuandika, Jacob Wainwright. Ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti Livingstone alipofia. Aliandika pia habari za safari katika daftari, na maneno yake yanasomwa mpaka leo.

Sasa rudia ulichoandika pale penye sanamu. Wapagazi wa Kariakoo walikuwa maelfu kwa maelfu, walibeba mizigo mizito, na majina yao hayako juu ya jiwe. Jacob Wainwright alikuwa mtu mmoja, mwenye kalamu. Ninyi mnaojifunza kuandika leo mna wazee nyumbani. Wengine walisimuliwa na baba zao juu ya babu aliyechukuliwa vitani asirudi, au bibi aliyelima peke yake miaka ile. Waulizeni wangali hai. Andikeni jina la mtu, kijiji chake, na yaliyompata.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini mizigo ya vita ilibebwa na watu?

2. Taja tofauti mbili kati ya mpagazi wa Bagamoyo wa karne ya 19 na mpagazi wa vita vya 1914 mpaka 1918.

3. Kwa nini Dar es Salaam ilikua kuliko Bagamoyo?

4. Andika sentensi tano juu ya mzee mmoja wa ukoo wako. Anza kwa jina lake.

Kwaherini, wanafunzi. Tukutane katika somo lijalo.