Jemadari Aliyeuzwa na Wanajeshi Wake Kisa Mizigo, na Vikambi Vinavyoitunza Skendo Hiyo Mezani

Kwenye meza ya mchezo wa vita vya kale, mwanajeshi ana urefu wa kama milimita 15 tu, sawa na ukucha wa kidole gumba. Wamepakwa rangi, wamepangwa safu kwa safu, mikuki juu. Ila nyuma yao, pembeni kabisa, kuna kitu ambacho mgeni anakiona pambo tu: kikambi chenye mahema, masanduku, punda wawili na mama aliyebeba mtoto. Wazee wa kazi wanajua kuwa hapo ndipo vita vinapopotelea.

Chukua De Bellis Antiquitatis, mchezo uliotoka Uingereza mwaka 1990. Kila upande una vikosi 12, pamoja na kambi. Ukikimbilia mbele ukasahau nyumbani, adui akaiteka kambi yako, inahesabiwa kwenye hasara zako. Wanaoanza hulalamika: mahema na vita wapi na wapi? Jibu liko Gabiene, kwenye Iran ya leo, mwaka 316 hivi kabla ya Kristo.

Alexander Mkuu alishafariki Babeli mwaka 323, na majemadari wake wakawa wanagombania urithi kama ndugu kwenye kiwanja cha marehemu. Mmoja wao hakuwa hata Mmakedonia. Alikuwa Mgiriki, katibu wa zamani wa mfalme, mtu wa kalamu, na wenzake walimdharau kwa hilo. Lakini kichwani alikuwa yuko vizuri. Tena alikuwa na Ngao za Fedha, wakongwe wapatao 3,000 waliopigana tangu enzi za Alexander, ambao waandishi wa kale wanasema walikuwa na miaka 60 na kuendelea. Mpinzani wake? Jemadari mwenye jicho moja.

Uwanja ulikuwa mkavu, wenye chumvi. Farasi na tembo walipoanza kukanyaga, vumbi likatanda hadi watu hawaonani. Wale wazee wakaingia kazini, wakalisambaratisha jeshi la miguu la adui. Kumbe mwenye jicho moja alishaona mbali: ndani ya vumbi lile alituma wapanda farasi wakazunguka hadi kambini, wakabeba kila kitu. Na hapo hatuongelei masufuria. Ni wake, watoto, na mali iliyokusanywa kwa miaka mingi ya vita.

Wazee wanarudi kifua mbele, wanakuta kambi imeshaenda. Wakatuma ujumbe kimya kimya kwa adui: tunataka familia na mali zetu. Bei ikatajwa: mleteni bosi wenu. Wakamfunga, wakamkabidhi. Akauawa.

Ila usaliti nao una deni lake. Mwenye jicho moja hakuwaamini watu waliomuuza bosi wao. Kamanda wao mmoja alitupwa shimoni akachomwa moto akiwa hai. Wengine wengi wakapelekwa Arakosia, upande wa Afghanistan ya leo, kwa gavana aliyeagizwa awape kazi za kuwamaliza.

Ndiyo maana wajenzi wa vikambi hawafanyi utani. Kitako ni boksi gumu. Tishu inachovywa kwenye gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, inalazwa juu ya vijiti, ikikauka ni hema. Vijiti vya kuchokolea meno vinakuwa uzio. Mchanga laini unamwagwa juu ya gundi, inafuata rangi ya kahawia, halafu brashi iliyokaukakauka yenye rangi nyepesi inapitishwa juu juu ili mikunjo ionekane.

Jeshi la Warumi linataka kambi ya mraba yenye handaki na tuta, maana ndivyo walivyochimba wakiwa safarini. Anayetafuta mfano hutazama Nguzo ya Trajan kule Roma, ambako askari wamechongwa wakijenga. Lakini kambi ya Gabiene inabebwa na mke, mtoto na sanduku. Ukiviondoa hivyo, mchezaji hawezi kuelewa kwa nini watu walioshinda upande wao wa vita walimuuza aliyewaongoza.

Ungekuwa wewe, familia yako iko mikononi mwa adui, ungemkabidhi bosi au ungekomaa naye? Funguka hapo chini.