Jina la Mungu Kwenye Dola

Ukipata noti ya dola ya Marekani, igeuze nyuma. Utakuta maneno yenye maana ya "Tunamtumaini Mungu". Wengi hudhani yaliwekwa na waasisi wa taifa hilo. La hasha!

Marekani ilitangaza uhuru mwaka 1776. Maneno hayo yalionekana mwaka 1864, kwenye sarafu ya senti mbili, nchi ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Novemba 1861 mchungaji mmoja wa Pennsylvania, M. R. Watkinson, alimwandikia Waziri wa Fedha, Salmon Chase. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi ikisambaratika, vizazi vijavyo vitawadhania wapagani. Chase akakubali.

Mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt aliyaondoa kwenye sarafu mpya za dhahabu, akiona kuwa kumtaja Mungu kwenye fedha kunakaribia kufuru. Mwaka 1908 Bunge likayarudisha. Mwaka 1955 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kuyaweka kwenye fedha zote, na mwaka 1956 yakawa kaulimbiu ya taifa. Wakati huo hofu ilikuwa ni Wasovieti na ukomunisti wao usiomtambua Mungu.

Mara zote mbili, hofu ndiyo iliyosukuma kalamu. Simlaumu mtu kumkumbuka Mola wake wakati wa dhiki. Lakini noti hiyohiyo hutoa sadaka, hutoa na rushwa. Hununua dawa, hununua na bunduki. Anayeishika ajiulize ameipataje na anaipeleka wapi. Mtambo wa kuchapa noti hautamjibia.