JM Kariuki Aliuliwa, Kesi Pia Ikauliwa: Rada Unayofaa Kuwa Nayo Polisi Wakiua

Ukipanda mathree Kiamunyi, ushuke na barabara ya Ravine hadi tao, halafu uchukue ingine ya upande wa Bahati, utafika Kabatini. Huko ndiko Josiah Mwangi Kariuki, maarufu JM, alizaliwa mwaka wa 1929. Ukishika barabara kuu ya kwenda Nairobi nayo, utapita Gilgil, na hapo ndipo alizikwa mwaka wa 1975. Huyu alikuwa msee wa mtaa wetu kabisa. Aliuliwa akiwa mbunge, na mpaka wa leo hakuna hata mtu mmoja amewahi kushtakiwa.

Wengi wetu jina tunalijua. Vile kesi yenyewe ilizimwa ndio wachache wanajua, na ni noma, juu mbinu zilizotumika wakati huo bado zinatumika. Soma hadi mwisho. Kuna vitu hapa unaweza kuhitaji siku moja, ingawa tunaomba usihitaji.

JM alikuwa nani?

Kwanza, alikuwa mtu wa Mau Mau. Wakoloni walimfungia kambini kutoka 1953 hadi 1960. Baada ya uhuru akawa katibu wa kibinafsi wa Mzee Jomo Kenyatta, kisha mbunge wa Nyandarua Kaskazini na waziri msaidizi.

JM mwenyewe alikuwa na pesa, hata farasi wa mashindano alikuwa nao. Lakini alisimama mbele ya watu akauliza mbona mashamba yaliyoachwa na wazungu yanaishia kwa wakubwa wachache, na waliopigania uhuru hawana hata pa kujenga. Alionya kwamba Kenya inageuka kuwa nchi ya matajiri kumi na maskini milioni kumi. Maneno kama hayo yalimpa mashabiki kila pembe ya nchi, na maadui ndani ya sirkal. Uchaguzi wa 1974 ulipofika, mikutano yake ilipigwa marufuku. Bado akashinda.

Siku kumi za uongo

Jumapili, Machi 2, 1975. JM anaonekana mara ya mwisho akitoka hoteli ya Hilton, Nairobi, akiwa na Ben Gethi, mkuu wa GSU. Siku iliyofuata, mchungaji wa Kimaasai anapata mwili kwenye vilima vya Ngong.

Mwili unapelekwa City Mortuary na unawekwa kama wa mtu asiyejulikana. Huku nje, familia inamtafuta kila mahali. Gazeti la Daily Nation linaandika kwamba JM yuko Zambia. Polisi nao wanajifanya hawana habari. Ni mpaka wake zake walipoenda wenyewe mochari ndio ukweli ukajulikana, siku kama kumi baada ya yeye kupotea.

Shika hiyo point: familia ndiyo iliyopata mwili. Wangekaa nyumbani kungoja simu ya polisi, pengine JM angezikwa bila jina.

Bunge likauliza, waliouliza wakaumia

Wanafunzi wa chuo kikuu waliingia barabarani. Bunge likaunda kamati maalum chini ya Elijah Mwangale, na Juni 3, 1975 ripoti ikatoka. Ilisema polisi walikuwa wakificha ukweli, na ikataka watu kadhaa wachunguzwe zaidi, Gethi akiwa mmoja wao.

Lakini kabla ripoti ifike Bungeni, majina mawili ya watu wa karibu na rais yalikuwa yametolewa: waziri Mbiyu Koinange, na Arthur Wanyoike Thungu aliyekuwa mlinzi wa rais. Hata hivyo kura ilipopigwa, upande wa ripoti ulishinda, 62 kwa 59.

Angalia sasa kilichofuata:

- Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, alifutwa kazi kwa kupiga kura upande wa ripoti. Mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu wakaenda na yeye.
- Mark Mwithaga, mbunge wetu wa Nakuru Mjini na mwanakamati, alijipata jela baadaye kwa kesi tofauti kabisa.
- Martin Shikuku, mwanakamati mwingine, alikamatwa kwenye majengo ya Bunge Oktoba 1975, pamoja na naibu spika Jean-Marie Seroney. Wakawekwa kizuizini bila kesi hadi 1978.
- Ben Gethi naye? Alipandishwa cheo akawa kamishna wa polisi wa nchi nzima.

Kesi ilizimwa hivyo. Ripoti ilikuwepo, kura ilikuwepo, mashahidi walikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kufungua mashtaka. Mkuu wa Sheria alikuwa chini ya serikali ileile iliyokuwa inashukiwa.

Na usidhani ilikuwa mara moja tu. Mwaka wa 1990, waziri Robert Ouko aliuliwa. Aliyepelekwa kortini ni Jonah Anguka, aliyekuwa DC wa Nakuru hapa hapa, na 1994 korti ikamwachilia. Miaka baadaye, kamati ya Bunge ya Gor Sunguh ilisema Ouko aliuliwa ndani ya Ikulu ya Nakuru. Hiyo kesi pia haijawahi kupata mwenyewe.

Nini kimebadilika?

Katiba ya 2010 ilitoa kazi ya kushtaki kwa Mkuu wa Sheria, ikapea Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye hafai kupokea amri kutoka kwa mtu yeyote. Mwaka wa 2011 sheria ikaunda IPOA, mamlaka ya kuchunguza polisi. Ukiona mtu amefia mikononi mwa polisi, au amekufa juu ya kitu polisi wamefanya, sheria inasema lazima IPOA ijulishwe. Si hisani ya OCS.

Je, inafanya kazi? Cheki hizi mbili.

Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda wa bodaboda, na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa wakitoka korti ya Mavoko. Miili ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Mwenda alikuwa amemripoti afisa Fredrick Leliman kwa IPOA kwa kumpiga risasi. Kesi ilichukua miaka, lakini Februari 2023 Leliman alihukumiwa kifo, na wenzake watatu wakapewa kati ya miaka 20 na 30.

Juni 2025, mwalimu na bloga Albert Ojwang alishikwa Homa Bay juu ya posti kuhusu naibu inspekta jenerali wa polisi. Akapelekwa Nairobi, na kufika asubuhi alikuwa amekufa katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa kwa ukuta. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, shingo kukabwa na alama mwilini ambazo mtu hawezi kujifanyia. Hadithi ya ukuta ikaanguka siku hiyo hiyo, na maafisa wakafikishwa kortini kwa mauaji. Wamekana mashtaka.

Linganisha na 1975. Zambia na ukuta ni kitu kimoja: stori ya kwanza ya uongo. Tofauti ni vile familia na madaktari walifika kwa mwili mapema.

Ikikupata, fanya hivi

1. Tafuta mwili mwenyewe. Zunguka vituo vya polisi na mochari, na usiende solo. Ulizia pia miili iliyoandikwa kama isiyojulikana. Mtu akishikwa, Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza korti ikifunguliwa. Masaa yakipita bila habari, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu iamuru polisi wamtoe.

2. Andikisha OB na upewe nambari. Andika pia jina la afisa, kituo, tarehe na saa. Karao akikataa kuandika, andika kwamba amekataa.

3. Usikubali kuzika haraka. Uchunguzi wa maiti kwanza. Omba daktari wa familia awe ndani wakati unafanyika. Mashirika ya haki za binadamu, kama Independent Medico-Legal Unit, yamesaidia familia nyingi kwa hili. Ukishazika, kurudi nyuma ni amri ya korti na kufukua kaburi.

4. Weka ushahidi. Nguo zenye damu usizifue. Zikauke, kisha ziwekwe kwa bahasha ya karatasi. Video usiikate wala kuongeza mziki. Weka ile ya kwanza kabisa na nakala kwa watu wawili. Kamera za maduka hujifuta baada ya siku chache, kwa hivyo omba mapema.

5. Peleka malalamiko IPOA. Ni bure, na si lazima uwe wa familia. Hifadhi nambari ya faili yako. IPOA ikimaliza hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na hapo ndipo faili nyingi hulala. Fuatilia kwa barua, si kwa simu, ndio ubaki na karatasi.

6. Linda mashahidi. Mwenda aliripoti na akauliwa. Shahidi akianza kutishwa, kuna Mamlaka ya Kulinda Mashahidi. Na tafadhali, usiposti sura wala jina la shahidi mtandaoni ndio upate views.

7. Kukiwa kimya, omba uchunguzi wa korti. Hakimu anaweza kusikiza mashahidi kuhusu kifo hata kama hakuna mtu ameshtakiwa, na anaweza kuagiza mtu akamatwe.

Ukweli ni kwamba unaweza kufanya yote haya na bado ungoje miaka. Familia nyingi za waliouliwa kwenye maandamano ya 2024 na 2025 bado zinangoja. Lakini mauaji Kenya hayana kikomo cha muda. Faili ya JM ingeweza kufunguliwa hata kesho, shida ni kwamba washukiwa na mashahidi wengi wameshakufa. Kwa hivyo karatasi unayoandikisha wiki hii, ukiwa bado unalia, inaweza kuwa ndiyo hakimu atashika miaka kumi ijayo. Iandikishe.